Naomba ushauri: magofu ya Pemba siku nne, mwezi wa saba, kwa pesa ndogo

Kijana_Mwembetanga (Jumapili, saa 3 usiku)

Assalaam aleikum wana jukwaa. Mimi ni kijana wa Mjini, Unguja. Mwezi wa saba natarajia kuvuka Pemba siku nne kutembelea magofu ya zamani. Tupo wanne, kila mtu na begi lake mgongoni. Pesa ni ndogo, kwa hiyo hakuna hoteli za ufukweni wala kukodi gari ya siku nzima. Tutapanda gari za abiria, baiskeli pale panapofaa, na miguu. Nilivyopanga tuanze Pujini, ile ngome ya Wareno kwa Mkama Ndume, halafu Ras Mkumbuu, Mtambwe Mkuu, na magofu ya Chwaka kule karibu na Tumbe. Nimechagua kipupwe kwa sababu jua si kali na masika yatakuwa yameshakwisha.

Naomba kujua kama siku nne zinatosha, na kama tulale Chake au Wete. Na linalonisumbua zaidi ni hili: mtu akifika Pujini hasa anaona nini? Nitashukuru mtu akinieleza hatua kwa hatua, aingie wapi, asimame wapi, atazame nini kwanza. Tafadhali msinipite kimya, tarehe zimekaribia.

Dogo_Darajani

Siku nne zinatosha, mtihani ni boti. Kusi la mwezi wa saba kwenye mkondo wa Pemba halina adabu. Kaa nyuma, sehemu ya chini, beba ndimu ya kunusa. Na ukiona jirani yako aliyekuwa akipiga soga kanyamaza ghafla, hama kiti haraka.

MkeWaNahodha

Msimtishe mtoto wa watu, lakini bahari pia msiifanyie mzaha. Mume wangu kaenda baharini miaka 22, na mpaka leo kusi likichafuka sili mpaka nisikie kafika. Sisi wa Pemba Septemba ya 2011, ilipozama meli ya Spice Islander, hatuisahau. Nyumba ya tatu kutoka kwetu walitoka watu watano kuja harusini na hakurudi hata mmoja. Kwa hiyo mwanangu, sikiliza utabiri kabla ya kuondoka, na wakisema boti haiondoki usinung'unike. Kalale, urudi kesho yake. Chakula asubuhi kiwe chepesi, mkate mkavu na chai ya tangawizi, urojo uuache mpaka mrudi.

Mzee_Tibirinzi

Mimi ni mkaazi wa Chake Chake. Laleni Chake, ni katikati ya kisiwa, na Pujini ipo kama kilomita 10 tu kuelekea kusini mashariki. Baiskeli inafika. Baada ya masika ile njia ya mwisho hushika matope, basi viatu viwe vya kazi. Ras Mkumbuu kwa miguu ni mbali na njia ni mbaya, afadhali mpatane na mvuvi awapeleke kwa mashua. Siku mnayofika, kabla ya kwenda kokote, ingieni makumbusho ya Chake yaliyomo ndani ya ngome ya zamani, mtaelewa mengi.

Ila hebu niulize. Hao wanne ni nani na nani? Wenyeji au wageni?

Kijana_Mwembetanga

Shikamoo mzee wangu, ahsante sana. Ni marafiki tu. Nimefurahi kusikia baiskeli inafika. Je, pale Pujini kuna kibao chenye maelezo, au mtu anayekaa mlangoni?

Mwl_Limbani

Kabla ya kibao, turekebishe jambo. Pujini si ngome ya Wareno. Hili linaniuma kila ninapolisikia, maana hata wanafunzi wangu wanakuja nalo kutoka majumbani. Wataalamu wa mambo ya kale wanaiweka karne ya 15, kabla Mreno hajaiona Pemba. Aliyeijenga ni mtawala wa hapa hapa. Jina lenyewe Mkama Ndume linaelezwa kuwa ni mkamua wanaume, kwa jinsi alivyowatumikisha watu. Wazee wanasimulia kuwa aliwabebesha mawe vichwani huku wakijisukuma kwa makalio.

Na wewe ni wa Mjini, basi nikuulize: Ngome Kongwe ya Forodhani nayo unaambiwa ni ya Wareno? Wareno walikuwa na kanisa mahali pale. Ngome waliijenga Waarabu wa Oman baada ya Mreno kung'olewa Mombasa mwaka 1698. Tukiona jiwe kubwa tunadhani lazima kaja nalo mtu wa mbali. Huko ni kujidharau.

Ummu_Salma

Mie nimesoma hapo "marafiki" nikasita. Wamo wasichana katika hao marafiki? Kama wamo, wazazi wao wanajua? Pemba watu wana haya zao, kijana wangu. Msije mkalala chumba kimoja mkajitia aibu nyie na mwenye nyumba.

Kijana_Mwembetanga

Mwalimu, hilo la Wareno nililisikia mtaani, nakubali kurekebishwa. Bi Ummu Salma, wamo wasichana wawili, lakini vyumba ni mbalimbali, na kwao wanajua. Naomba turudi kwenye swali langu la Pujini.

Mzee_Tibirinzi

Kijana, nimekisoma kisa chako mara tatu. Mtu anayekwenda mahali kwa hamu yake haulizi "atazame nini kwanza". Anakwenda, akifika anatazama. Anayeuliza hivyo ana watu nyuma yake wanaomtazama yeye. Sema, unampeleka nani?

*(Kimya mpaka Jumatatu usiku.)*

Kijana_Mwembetanga

Samahani, nilikuwa kazini. Mzee Tibirinzi, umenishika. Nitasema yote.

Ni wageni watatu wa Uingereza, wanafunzi wa chuo. Nilijuana nao mwezi wa pili walipokuja Mjini kwa siku tatu. Niliwazungusha kwa gari ya 502, tukashuka Maruhubi na Mtoni, nikawasimulia Sayyida Salme, binti wa Sultani, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Wakafurahi mpaka mmoja akalia pale penye zile nguzo za Maruhubi, nilipomwambia kasri liliungua mwaka 1899. Walipokuwa wanaondoka waliniuliza kama Pemba pia naijua. Nikasema naijua.

Sijawahi kufika Pemba hata siku moja.

Wamenitumia dola 40 kila mmoja za kutangulia. Tiketi za boti nimeshakata, na pesa iliyobaki nimeshaitumia nyumbani. Si kwamba niliitapanya, ilikuwa haja. Kitambulisho cha kutembeza wageni sina bado. Kozi nimemaliza, naendelea kuhangaikia karatasi.

Wao wana mazoea ya safari za namna hii. Mwezi wa Januari walizunguka Wales na mabegi mgongoni, kwenye baridi, wakitazama ngome za zamani kwa sababu wakati huo kulala ni rahisi na hakuna msongamano. Walinitumia picha. Ngome moja ina minara kama mlima. Sasa mimi naogopa nitawafikisha Pujini waone majani na mawe, waniulize "ngome iko wapi", nibaki nakodoa macho.

Lakini naamini nikijiandaa vizuri nitaweza. Nimesoma, nina daftari limejaa. Ndiyo maana nauliza hatua kwa hatua.

Dogo_Darajani

Yakhe! Kumbe papasi! Unataka tukufundishe Pemba kwa simu uwauzie wenyewe kwa dola!

Kijana_Mwembetanga

Mimi si papasi. Sijamfuata mtu Forodhani kumvuta mkono. Watu hawa walinitafuta wao.

Ummu_Salma

Mwanangu, pesa ya mtu ni amana. Umechukua kwa neno ambalo si kweli. Hata ukijifunza kila jiwe la Pujini, lile neno la kwanza linabaki pale pale. Warudishie.

Kijana_Mwembetanga

Bi mkubwa, nikirudisha na tiketi nimeshakata, nitarudisha kwa nini? Na kazi itakayofanyika itakuwa nzuri. Mtu akipikiwa biriani tamu haulizi mpishi alijifunza lini.

Ummu_Salma

Atauliza siku biriani likimdhuru.

Mpemba_Cardiff

Salaam kutoka huku. Nakaa Wales mwaka wa tisa sasa, nimeona jina nikaruka kitini. Hizo ngome nazijua. Hiyo yenye minara kama mlima nadhani ni Conwy. Januari iliyopita nilikwenda na wenzangu wawili, tumebeba mabegi, tukalala hosteli chumba cha vitanda sita tukiwa watatu peke yetu. Baridi ile haisimuliki. Nilivaa soksi jozi mbili, glavu zikalowa kwa mvua ya pembeni, nikapanda juu ya mnara upepo ukataka kunichukua. Saa kumi jioni wanafunga, na saa hiyo jua lenyewe linakaribia kuzama. Ukiwa na chupa ya chai ya moto mfukoni unajiona tajiri. Kijana, kama siku moja utakuja huku, usinunue koti Darajani, njoo ununue la mtumba huku huku, lina joto zaidi.

Lakini sikiliza jambo nililolisoma pale ukutani. Conwy aliijenga mfalme wa Uingereza, Edward I, kuanzia 1283, na kufikia 1287 ilikuwa imekamilika. Minara minane mikubwa kwa miaka minne! Mafundi na vibarua walikusanywa kwa amri ya mfalme kutoka pembe zote za Uingereza, wakapelekwa kujenga kwenye nchi ya watu walioshindwa vita. Nilisimama pale nikamkumbuka Mkama Ndume na watu wake wa mawe vichwani. Bibi yangu wa Pujini alikuwa akitusimulia tukiwa tunapeta mchele. Nililia mimi, na si kwa baridi.

Dogo_Darajani

Sasa wewe wa Cardiff ndiye wa kuwatembeza.

Mpekuzi_Kikwajuni

Nimekaa kimya muda mrefu. Mimi hadithi hii siimezi. Tazameni wenyewe. Akaunti imefunguliwa Jumamosi. Kwanza walikuwa "marafiki tu", baadaye wageni. Mara hajui kitu, mara ana daftari limejaa. Na kila akibanwa anarudi pale pale: nielezeni Pujini hatua kwa hatua. Huyu ni mtu wa kampuni ya safari anakusanya maelezo ya wazee wetu bure, kesho mtayakuta kwenye tangazo lao kwa Kiingereza. Na hao wanafunzi wa Wales waliolia Maruhubi wamepakwa rangi tu hadithi inoge. Nimeona nyuzi tatu za namna hii mwaka huu.

MkeWaNahodha

Na mimi nilianza kushuku, ila niliona haya kusema.

Mpemba_Cardiff

Kwa hiyo mimi nimemwaga machozi yangu kwa tangazo?

Mwl_Limbani

Mpekuzi ana haki ya kushuku. Magofu yetu yameandikwa na kila mtu isipokuwa sisi. Mtu anakuja, anakaa kwa mzee saa mbili, anakula mihogo yake, anaondoka na kisa chote na jina la mzee halimo. Kijana, kama ni kweli, tupe kitu ambacho mtu wa tangazo asingekifikiria.

Kijana_Mwembetanga

Sijui mnataka nitoe nini. Siwezi kuweka ujumbe wa watu hapa bila idhini yao, na majina yao siyataji. Akaunti nimefungua Jumamosi kwa sababu Jumamosi ndipo nilipopata hofu.

Nitasema kilichonitia hofu. Mmoja wao kaniandikia siku hiyo asubuhi. Kasema anachora ramani ndogo kwenye daftari lake kabla ya safari, kama alivyofanya Wales, anataka kuanza na mlango. Akauliza: "Pujini tutaingilia lango lipi?" Nikakaa na simu mkononi. Sijui kama lina lango. Nikamjibu "lango la mashariki". Nimeandika hivyo, mashariki, kwa kubahatisha tu. Akajibu "ahsante", akaniwekea na picha ya mchoro wake, kaandika pale neno *mashariki* kwa Kiswahili. Tangu hapo sijalala vizuri.

Mpekuzi_Kikwajuni

Hmm.

Mzee_Tibirinzi

Hili la lango nimeliamini. Mtu wa tangazo angetunga kitu kizuri zaidi.

Mwl_Limbani

Basi lijibiwe, maana swali lenyewe ni zuri, awe wa kweli au wa kutunga.

Msitafute lango kama la Conwy. Pujini kuta zake nyingi zilikuwa za udongo, matuta marefu yaliyozunguka makaazi, na mvua na mizizi ya miaka zaidi ya 500 imeyala. Ukisimama bila kuambiwa unaona kichaka chenye kilima. Ukiambiwa, macho yanafunguka: hapa palikuwa ukuta, pale palichimbwa mfereji wa kuingizia vyombo kutoka baharini. Mtawala aliyefikiria kuingiza chombo chake mpaka nyumbani, huyo aliijua bahari. Kuna kisima, na kisa chake kila mtoto wa Pujini anakijua: kilitiwa ukuta katikati ili wake wawili wa Mkama Ndume wasikutane wakiteka maji, mmoja akishuka kwa ngazi, mwenziwe akitumia ndoo na kamba. Na chini ya ardhi kuna chumba ambamo wachimbaji walikuta umbo la siwa limechorwa kwenye lipu. Siwa, baragumu la wafalme wetu! Nikifika hapo na wanafunzi huwa nawaambia wanyamaze kidogo.

Yapo pia mambo ya heshima. Wapo wanaokwenda pale na ubani na haja zao. Mkikuta kitambaa au kijungu, msiguse wala kupiga picha.

Haya yote unaweza kuyaandika kwenye daftari, na bado ukifika utasimama mahali pasipo. Kijana wangu, mahali hapa panahitaji mtu wake.

Mzee_Tibirinzi

Nami nasema hivyo hivyo. Mtoto wa dada yangu ana kitambulisho halali cha Kamisheni ya Utalii, anaishi Chake, Pujini anaijua kwa kiganja. Mlipe siku mbili, uwe msaidizi wake, ujifunze. Mwakani utakuja mwenyewe. Ila kwanza waandikie wageni wako ukweli. Na lango la mashariki ulifute wewe mwenyewe.

Kijana_Mwembetanga

Mzee, nikimlipa yeye, mimi sibaki na kitu. Na nikiwaandikia ukweli watanikimbia. Mimi nilitaka safari hii iwe mwanzo wangu.

MkeWaNahodha

Mume wangu siku ya kwanza kushika usukani alidai njia ya kuingia Wete anaijua. Walipanda mwamba. Hakufa mtu, alhamdulillahi, ila mwenye chombo hakumpa chombo tena kwa miaka minne. Angesema "sijui", wangempa rubani.

*(Jumatano usiku.)*

Kijana_Mwembetanga

Nimewaandikia. Nilianza mara nyingi nikifuta. Mwisho nimesema Pemba sijafika, lango la mashariki nililitunga, kitambulisho sina, na kwamba yupo mtu wa Chake mwenye vyote. Nikasema anayetaka pesa yake nitamrudishia.

Mmoja kataka. Nimekopa kwa dada yangu, nimemtumia dola 40 zake leo mchana. Hakusema neno baya, kasema ahsante tu. Hilo limeniuma kuliko angenitukana.

Wawili wanakuja. Yule wa ramani kaniandikia kwamba ameacha ukurasa wa Pujini mtupu, atauchora akifika. Kauliza kama huyo mtu wa Chake atakubali kula pamoja nasi, au kuna desturi nyingine.

Mzee Tibirinzi, naomba namba ya mtoto wa dada yako kwa ujumbe wa siri. Bi Ummu Salma, vyumba vitakuwa viwili.

Ummu_Salma

Allah akufungulie. Na huyo dada yako umlipe kabla ya mwezi kwisha.

Mpekuzi_Kikwajuni

Shaka yangu haijaisha yote. Lakini mwezi wa saba nitakuwa Mkoani kumpokea shangazi. Kama ni kweli, nitakuona ukishuka na wageni wawili. Nikikuona nitakubebea begi moja mpaka kwenye gari ya Chake.

Dogo_Darajani

Mbebee lile zito.

Mzee_Tibirinzi

Namba nimekutumia. Kula watakula pamoja, si desturi yetu kumtenga mgeni na sahani.

Jambo la mwisho ni Mtambwe Mkuu. Pale ndipo zilipopatikana zile sarafu za fedha zaidi ya 2,000 mwaka 1984, na kufika ni kwa miguu maji yakipwa. Tarehe ulizonitajia ni za bamvua, maji yatapwa asubuhi. Ipeleke siku ya tatu, mfike ufukweni mapema, na msikae mpaka adhuhuri ikawakuta ng'ambo. Ndala zitabaki kwenye tope, vaeni viatu vya kufunga. Na huyo binti wa ramani mwambie daftari alifunge kwenye mfuko usioingia maji.